Chiriku Kwenye Kidole cha Stefania

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote pale Milanzi. Upepo wa Julai ulikuwa unashuka kutoka milima ya Mbizi, baridi yake ikiingia hadi kwenye mifupa, na watu waliota jua vibarazani wakiwa wamejifunika mablanketi. Mwalimu Kalisti alikuwa ametandaza karatasi, rangi na burashi kwenye meza ndogo ya nje. Ndani, mkewe Stefania alishona sare za shule, na mlio wa cherehani yake ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi, kama mtu anayesaga ulezi bila haraka.

Kalisti alichora ndege kwa rangi za maji. Mapenzi hayo aliyapata chuoni, alipokutana na kitabu kikubwa cha wachoraji wa zamani, watu waliozunguka dunia wakichora ndege wa kila nchi. Ndege wao walikuwa kama wanataka kuruka kutoka kwenye ukurasa. Baadaye akasoma jinsi kazi ile ilivyofanyika: ndege alipigwa risasi, akapitishwa waya mbawani ili akae kama anaruka, kisha akachorwa mbiombio kabla rangi ya macho na miguu haijafifia. Kalisti alikifunga kitabu. Akaapa kwamba yeye atachora walio hai tu.

"Mchoro wangu hautamwaga damu ya ndege," alipenda kusema.

"Ukimaliza ndege, utukumbuke na sisi tusio na mabawa," Stefania alimjibu kila mara, sindano ikiwa katikati ya meno.

Tatizo lake lilikuwa maji. Kisima chao kilikuwa na chokaa. Rangi ikikauka, vumbi jeupe lilibaki juu ya manyoya, kana kwamba ndege amelala kwenye majivu ya jiko. Na maji ya mvua aliyokuwa amekinga yalikuwa yamekwisha. Ndiyo maana, alipotoka kijijini Msanzi kwenye msiba wa mjomba wake Zenon, alirudi na kidumu cha maji.

Alikuwa amefika Msanzi watu wameshazika, kwa kuwa gari liliharibika njiani. Jioni, nyuma ya jiko, aliona mtungi uliofunikwa kwa ungo. Akafunua. Maji yalikuwa yametulia, maangavu kama kioo, na udongo mwekundu ulikuwa umelala chini. Aliyaonja kwa ncha ya ulimi. Laini kabisa. Hakumwuliza mtu. Nyumba ya msiba, nani anasumbuliwa kwa habari za maji? Alichota ya juu, polepole, ili udongo usiamke.

Sasa, Jumamosi hii, aliyamimina kwenye kikombe kwa mara ya kwanza.

Stefania alikuwa na chiriku wake, wa manjano kifuani, aliyezoea kuokota ulezi anaoupepeta. Alikuwa amemzoea hadi anatua kidoleni. Kalisti alimwomba mkewe anyooshe mkono, akamchora chiriku, akachora na kidole alichokalia, kisha kiganja, mpaka kifundo cha mkono. Hapo akaishia.

Zaitun, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, alivuka kuja kuchungulia.

"Mwalimu, mchore na uso," alisema. "Ukiacha hivyo watu watasema umeoa mkono."

"Uso baadaye, jirani."

"Baadaye ya Kalisti," Stefania alisema, "ni mwakani."

Wakacheka wote watatu.

Jicho la ndege alilifanya mwisho. Kwa rangi za maji, mng'ao wa jicho haupakwi. Ni karatasi yenyewe, nukta unayoiacha nyeupe bila kuigusa. Ukikosea hapo, umechora maiti. Kalisti hakukosea. Rangi ilikuwa imetulia kuliko alivyowahi kuiona maishani, na chiriku alimtazama kutoka kwenye karatasi kama aliyetaka kusema jambo. Alimtundika kwenye msumari juu ya cherehani.

Asubuhi iliyofuata chiriku alikuwa amelala kizingitini. Hakuwa na jeraha. Stefania alimgeuza kwa kidole, kisha akaurudisha mkono wake haraka.

Macho ya ndege yalikuwa meupe. Meupe kama karatasi.

"Baridi," Kalisti alisema. "Baridi ya mwaka huu inaua hata ng'ombe."

Akaendelea kuchora. Alimchora kwezi kwenye waya wa umeme, akachora mbayuwayu waliojenga chini ya paa la Zaitun. Alimchora dudumizi, ndege wa mvua, ambaye sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu. Kila mchoro ulikuwa mzuri kuliko uliotangulia. Na kila asubuhi mtaa ulikuwa kimya kuliko jana. Zaitun aliwazoa mbayuwayu kwa fagio, akawaweka kwenye ndoo, akaifunika ndoo.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti ya chini, "wewe unatumia dawa gani kwenye rangi zako?"

Kalisti alikwenda ndani, akaushika mchoro wa kwezi, ambaye mzoga wake ulikuwa haujaonekana, akauchana vipande viwili. Alitaka kujua tu kama ni michoro yake.

Kesho yake kwezi alikuwa uani. Nusu huku. Nusu kule. Palipochanika palinyooka, kama pamepitiwa na rula.

Tangu hapo hakuthubutu kuchana wala kuchoma. Na alikuwa akiwaza hayo, amekaa kwenye kiti, mikono magotini, pale mkewe alipomwita kutoka kwenye cherehani.

"Kalisti. Nimejichoma sindano."

"Pole, mama."

"Sijasikia maumivu."

Aliinua kidole. Sindano ilikuwa imepita ukucha na kutokea upande wa pili. Damu haikutoka. Kilikuwa kidole kile alichokalia chiriku.

Daktari alimkagua kwa makini, akamgonga viungo, akampa vidonge vya mishipa. Hakuona kitu. Ganzi ilitoka kidoleni ikaingia kiganjani. Ikafika kwenye kifundo. Stefania alishona kwa mkono mmoja, akitania kwamba sare za mwaka huu zitakuwa na mguu mmoja, lakini jioni Kalisti alimkuta anaupuliza mkono wake kama mtu anayepuliza moto uliozimika.

Ndipo alipotazama juu ya cherehani.

Aliikumbuka kazi yake. Aliishia kwenye kifundo. Hilo angeweza kuliapia msalabani. Sasa mchoro ulikuwa na mkono mpaka kwenye kiwiko, na mkunjo wa sweta la bluu ambalo Stefania alikuwa amelivaa siku ile. Alinyoosha kidole, akagusa pale kwenye kiwiko.

Palikuwa pabichi.

Alinusa kidole. Harufu ile aliijua tangu utotoni. Ulimbo. Utomvu wa mti uliochemshwa ukawa gundi, ambao mjomba Zenon aliupaka kwenye vijiti ili ndege akitua asing'oke tena. Mjomba aliishi kwa ulimbo. Alipiga mluzi wa kila ndege, na ndege wakaja wenyewe. Watu wa Msanzi walinunua ndege kwake mchana na kumkwepa jioni.

Kalisti alichukua kidumu, maji yakiwa yamebaki kidogo, akapanda gari la alfajiri.

Msanzi alimkuta mama mdogo Cornelia, mdogo wake marehemu, akianika mahindi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Aliweka kidumu chini, mbele yake. Hakuhitaji kueleza mengi. Mama mdogo alikitazama kile kidumu, kisha akautazama mtungi uliokuwa mtupu nyuma ya jiko, na mahindi yakamdondoka mkononi.

"Ni wewe," alinong'ona. "Siku ya kuondoa matanga niliona yamepungua. Nikasema yamenywewa na jua."

"Ni maji ya nini?"

"Wazikaji walinawa humo. Kwetu maji ya kunawa hayamwagwi ovyo. Yanakaa mpaka matanga yaishe, ndipo anamwagiwa marehemu mwenyewe kaburini, yote, na udongo wake. Asibaki na pa kushikia huku." Alitazama nyuma, kana kwamba kuna mtu kwenye mlango wa jiko. "Na Zenon alikuwa mtu wa kushikia."

Walikwenda kaburini. Mama mdogo alimimina yaliyobaki. Udongo uliyanywa mara moja, kwa kiu.

"Mengine?"

"Nimechorea."

"Basi yamo kwenye karatasi. Kazilete, tuzizike hapa hapa."

Kalisti akasema, taratibu, kama anavyowafundisha wanafunzi wake darasani.

"Mama mdogo, kwenye karatasi inabaki rangi tu. Maji hukauka. Yanapaa."

Mama mdogo Cornelia aliinua uso juu. Anga la Ufipa lilikuwa safi, pana, bila wingu, bila ndege.

"Basi amepewa anga lote," alisema.

Kalisti alirudi mchana ule ule. Njia nzima alijiambia kwamba kiwiko si moyo, kwamba bega liko mbali, kwamba mkono unaweza kukatwa na mtu akaishi. Aliposhuka Milanzi alitembea. Kisha akakimbia. Alikuwa anasikiliza cherehani.

Hakuisikia.

Zaitun alikuwa amesimama katikati ya barabara, khanga mdomoni.

"Nimemwita," alisema. "Haitiki."

Stefania alikuwa amekaa kwenye cherehani, mgongo umenyooka, mguu kwenye pedali. Sare ya bluu ilikuwa chini ya sindano, imeshonwa nusu. Alikuwa anatazama juu, kwenye msumari. Kalisti alimzunguka ili amwone uso.

Macho yalikuwa meupe.

Kwenye mchoro alikuwa mzima. Bega, shingo, shavu, kitambaa cha kichwani. Chiriku alikuwa kidoleni. Uso ule ulikuwa umechorwa vizuri kuliko Kalisti alivyoweza, na ndani ya kila jicho palikuwa na nukta moja nyeupe, imeachwa mahali pake hasa. Nyuma ya bega lake palikuwa na kitu kingine. Mkono wa mzee. Umeshika kijiti.

Kalisti hakulia. Alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mkewe, na baridi ya goti lile ikaingia sikioni mwake.

Walimzika Jumanne. Mchoro aliuweka mwenyewe kifuani mwa marehemu kabla jeneza halijafungwa. Burashi alizichoma, rangi akazitupa chooni, karatasi zilizobaki akampa Zaitun afungie mandazi. Mama mdogo Cornelia alikuja kutoka Msanzi na mtungi. Watu waliotoka makaburini walinawa humo mmoja mmoja, wa kanisani na wa msikitini, kisha mtungi ukafunikwa kwa ungo na kuwekwa nyuma ya jiko. Kalisti alivuta kigoda akakaa kando yake.

Hakuondoka. Alilishwa uji pale pale. Aliletewa blanketi pale pale. Zaitun alimwambia, "Jirani, maji hayana miguu," akajaribu kucheka. Kalisti alikisogeza kigoda karibu zaidi na mtungi.

Siku ya kuondoa matanga, jua likiwa limeshapanda, mama mdogo alifunua ungo. Alitazama ndani kwa muda mrefu.

"Kalisti. Umelala lini?"

"Sijalala."

Alimwonyesha. Kwenye ukuta wa ndani wa mtungi palikuwa na mstari wa unyevu, pale maji yalipokuwa yamefika. Maji yenyewe yalikuwa chini ya mstari. Upungufu ulikuwa kama wa kidumu kimoja kidogo. Udongo ulikuwa umelala chini, umetulia. Aliyechota alichota ya juu, polepole.

Kalisti aliinuka. Aliingia ndani peke yake. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu mazishi, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Juu yake, kwenye msumari ule ule, palitundikwa karatasi.

Aliisogelea.

Ulikuwa mkono. Wa mwanaume. Umeishia kwenye kifundo. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu la wembe wa kuchongea penseli, kovu alilokuwa nalo tangu chuoni. Kidole cha shahada kilikuwa kimenyooshwa mbele, kimya, kama kijiti kinachosubiri kutuliwa. Ndege hakuwapo bado.

Karatasi ilikuwa mbichi. Ilinuka ulimbo.

Nje, juu kidogo ya paa, chiriku alilia. Tangu mwezi ule uanze hakuna aliyesikia ndege pale Milanzi. Kalisti aliwasikia waombolezaji uani wakinyamaza, na Zaitun akiuliza kwa mnong'ono yuko wapi ndege, yuko wapi, mbona hatumwoni.

Kalisti alijaribu kukunja kidole.