Mchezaji Asiye na Jezi

Msije mkasema natunga. Stella Kiden ni jirani yangu hapa Arua, ukuta kwa ukuta, na haya nimeyasikia kinywani mwake, akiwa amekaa mlangoni pangu anamenya mihogo. Si mlevi, wala si mtu wa kutafuta sifa. Mwenye kucheka na acheke. Mimi pia nilicheka, halafu akanionyesha picha.

Siku yenyewe ilianza kama siku zote. Asubuhi Stella alipiga picha za pasipoti katika kistudio chake: wanafunzi wawili, dereva wa lori, na bibi mmoja wa Manibe aliyebishana naye kuhusu kuvua miwani ya jua. Mchana akafunga mlango, akapanda gari la Koboko. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mwezi huo vijana wa Koboko hucheza mpira usiku, watu wakishafuturu na kuswali. Waislamu wanacheza, Wakristo wanacheza, hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Stella alikwenda kwa ajili ya mdogo wake, Jale, winga wa timu moja ya pale.

Huyo Jale ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye. Wazazi wao wamelala makaburini kijijini Dranya, na Stella ndiye aliyemlea kijana kwa hiyo hiyo kamera. Usiku ule mtu wa klabu ya Kampala alikuwa anakuja kutazama wachezaji. Jale alikuwa amempigia simu dada yake wiki nzima, anambembeleza.

"Dada, piga mimi picha moja tu, lakini iko nzuri. Ile hata watu ya Kampala wataona."

Sasa, kupiga picha mpira wa usiku kwenye uwanja wenye taa mbovu ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Uwanja ule una nguzo nne za taa, na moja ilikuwa imekufa, ile ya kona iliyopakana na shamba la muhogo. Taa ya kamera ni marufuku, refa alishasema inampofusha kipa. Kwa hiyo unaifungua lenzi hadi mwisho, unailazimisha kamera inywe mwanga kuliko uwezo wake, na bado picha inatoka na chembechembe kama iliyomwagiwa unga. Ujanja ni mmoja tu. Huukimbizi mpira. Unachagua kipande chenye mwanga, unakaa kimya, unamsubiri mchezaji aingie humo, na unabonyeza pale mwili unaposita, akiwa hewani au akigeuka. Anayekimbia hutoka ukungu mtupu. Aliyesimama tuli hutoka safi. Hilo mlishike, maana ndilo lililomkosesha Stella usingizi.

Mpira ukaanza. Stella alichuchumaa nyuma ya mstari, karibu na goli, akapiga picha chache za kujaribu. Akatazama kioo cha kamera. Ukungu, ukungu, nusu ya kichwa, mguu wa mtu. Na kule kona ya giza, ndani ya mstari, kijana amesimama. Bukta nyeusi kama ya timu ya Jale, soksi zimepandishwa hadi magotini. Kifua wazi.

Stella akainua macho. Pale konani hapakuwa na mtu. Akajiambia ni shabiki aliyeruka ua, kafukuzwa. Hakulifikiria tena.

Jale akapokea mpira, akamzunguka beki, Stella akabonyeza. Alipotazama, yule wa kifua wazi alikuwa amesogea. Sasa alikuwa pale giza linapokutana na mwanga, amemgeukia Jale. Wachezaji wote walikuwa wamevurugika kwa mwendo, Jale mwenyewe alionekana kama moshi. Yule tu ndiye aliyetoka safi. Ungeweza kuhesabu mbavu zake.

Alipiga tena. Akatazama tena. Yuko katikati ya wachezaji, na hakuna anayempisha. Amesimama vile vile, mikono chini, uso umeliwa na chembechembe. Stella akatoa jicho kwenye kamera akawakagua wachezaji mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na jezi.

Wakati wa mapumziko Jale alikuja kunywa maji, anajikuna mgongoni.

"Mutu moja iko navuta mimi jezi," alisema. "Navuta, navuta. Refa hapana ona."

"Nani?"

"Mimi nageuka, hapana mutu." Akacheka, lakini alikuwa anatetemeka kidogo. "Na baridi iko, dada. Wewe hapana sikia baridi?"

Hakukuwa na baridi. Watu walikuwa wanajipepea kwa makaratasi. Jale alipogeuka kurudi kwa wenzake, Stella akaiona namba mgongoni mwake. Ile ilikuwa jezi ya Muzamili.

Muzamili na Jale walikua pamoja Dranya, sahani moja, mkeka mmoja. Alikuwa winga wa timu hiyo hiyo, mpaka jioni moja akitoka mazoezini lori likamgonga barabarani, giza limeshaingia. Jale alilia siku ile hadi akapoteza sauti. Arobaini ya Muzamili ilikuwa haijafika. Na kwa wazee wa kule, nguo ya marehemu haivaliwi mpaka arobaini ipite na mama aigawe kwa mkono wake. Hata mtoto mdogo analijua hilo.

Stella akamfuata kocha, mtu mmoja mkavu aitwaye Duku, mtoto wa mwanajeshi, asiyependa maneno mengi.

"Kocha, hii jezi ya Muzamili ulipewa na mama yake?"

Duku hakumtazama. "Seti iko moja, mama. Jezi iko ya timu. Nilikuta kwa kamba ya nguo, nikachukua."

"Bila kusema?"

"Mama yake alikuwa kwa swala. Nisumbue yeye kwa sababu ya jezi?" Akapuliza filimbi kuwaita vijana. "Wewe piga picha."

Nikisema mtu huyu alikuwa na roho mbaya nitamwonea. Alikuwa na mechi na seti moja ya jezi, basi. Mabaya mengi hufanywa na watu wenye haraka.

Kipindi cha pili kikaanza. Stella alitaka kuacha kupiga, lakini asipotazama kwenye kamera atajuaje yule yuko wapi? Akapiga moja. Amesimama nyuma ya Jale, mkono umenyooka. Akapiga nyingine. Vidole vimeshika pindo la jezi.

Akampigia simu mama yake Muzamili, Hawah. Iliita mara moja tu, ikapokelewa, kana kwamba mama alikuwa ameishika.

"Mama, ni Stella. Jezi ya Muzamili iko hapa uwanjani. Jale amevaa."

Hawah akanong'ona.

"Mimi natafuta hiyo jezi tangu juzi. Nilifua, nikaanika, ikapotea." Akavuta pumzi. "Si mimi peke yangu natafuta, mwanangu. Usiku mlango nagongwa. Mimi hapana fungua."

"Nifanye nini, mama?"

"Ambia Jale avue. Lakini sikia vizuri. Akivua, mutu ya damu yake afunike yeye hapohapo, na nguo ya mwili wake mwenyewe. Asibaki wazi hata kidogo. Yule naona baridi. Akipata nguo yake, ataacha ile baridi kwa mutu atakuta wazi."

Stella akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakitupia begani. Akatembea kando ya mstari hadi Jale alipokuja kurusha mpira. Akamnong'oneza kwa nyuma.

"Jale, vua hiyo jezi."

"Nini?"

"Ni ya Muzamili. Vua sasa, nikufunike."

Jale hakugeuka. Alikuwa ameushika mpira juu ya kichwa, haurushi. Stella anasema pale ndipo alipoelewa kwamba kijana alishajua ni ya nani, na alikuwa anaogopa tangu mwanzo.

"Dada, nikivua sasa wanatoa mimi. Ile mzee ya Kampala iko naangalia. Wacha nifunge kwanza. Nikifunga, navua."

"Jale, nakuomba."

"Kaa pale kwa mwanga. Nitakuja kwako."

Akarusha mpira, akakimbia.

Stella akarudi kwenye kipande chake chenye mwanga. Kitenge begani, kamera mkononi. Hakupiga tena. Hakuthubutu. Dakika zikawa zinakwenda na yeye anasali, kwa Mungu wa kanisani na kwa yeyote mwingine aliyekuwa macho usiku ule. Alimwona Jale akijikunja, akipeleka mkono nyuma, akipapasa mgongo wake. Alimwona akiteleza mahali pasipo na tope. Mara moja jezi ilinyooka nyuma yake, ikakaa hivyo, imenyooka, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kisha mpira ukatoka kulia. Ukapita juu ya mabeki. Jale akatokea, akaupiga kabla haujagusa chini.

Goli.

Uwanja ukalipuka kwa kelele. Jale akaishika jezi kwa mikono miwili, akaivua kichwani, akaitupa kuelekea kona ya giza bila kutazama. Akageuka. Akaja mbio kwa dada yake, mikono imefunguka, analia na kucheka kwa pamoja. Taa zote zilizobaki zilikuwa usoni mwake. Jasho likang'aa kifuani. Akaingia kwenye kile kipande cha mwanga ambacho Stella alikilinda tangu mpira uanze.

Kitenge kilikuwa begani. Kamera ilikuwa mkononi.

Miaka yake yote Stella amekifundisha kidole chake jambo moja, na kidole hakikuuliza. Kikabonyeza.

Kishindo kidogo tu, ta. Ndipo akili ikarudi. Akaiachia kamera ining'inie shingoni, akamrukia Jale, akamfunika kitenge, akamkumbatia kwa nguvu zote. Na Jale, aliyekuwa amekimbia mechi nzima, ambaye jasho lilimtiririka, ngozi yake ilikuwa baridi kama mtungi.

Refa akatoa kadi ya njano, akasema vaa jezi. Jezi haikuonekana. Duku alienda konani na tochi ya simu, akamulika majani, akamulika ua, akarudi mikono mitupu, akamtoa Jale akaingiza mwingine. Walishinda kwa goli hilo hilo.

Usiku ule, kwa shangazi yao pale Koboko, Stella aliitazama picha. Yule wa kifua wazi hakuwepo. Alitafuta kila pembe, hakuwepo, akashukuru hadi machozi yakamtoka. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga maishani. Mashabiki nyuma walikuwa ukungu, mabeki ukungu, refa ukungu. Jale peke yake, aliyekuwa anakuja mbio kama mwendawazimu, alitoka safi hadi kope za macho.

Asubuhi Hawah alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Hakuna aliyegonga mlango, alisema. Halafu akauliza, "Ulifunika yeye hapohapo?"

"Ndiyo, mama," Stella akajibu.

Picha ilisambaa. Watu wa Kampala waliiweka kwenye ukurasa wao, wakapiga simu, wakasema kijana aje, ila kwanza atume picha ya usajili, kichwa na mabega, ukuta mweupe nyuma. Kwa Stella hiyo ni kazi ya kufumba macho. Akamkalisha Jale kwenye kiti cha studio, shati jeupe, tai ya kuazima. Ilibidi amvue sweta kwa kumbembeleza, maana tangu Koboko Jale havui sweta, hata jua la saa saba likiwa kichwani. Akapiga. Akatazama kioo. Akapiga tena. Kisha akampeleka kwa Swaib, mpiga picha wa upande wa pili wa barabara, mwenye kamera yake na taa zake. Swaib alipiga, akatazama, akarudisha hela, na tangu siku hiyo akimwona Stella njiani humkwepa.

Walituma zote. Wangefanya nini?

Jana jioni walikuwa mlangoni pangu, dada na mdogo wake. Jale alikuwa na sweta, na koti juu ya sweta, na kitenge cha dada yake juu ya koti, amejikunyata kando ya jiko langu la mkaa, anacheka na wanangu kama zamani. Simu ya Stella ikalia. Akasoma, akanipa. Ilikuwa ni klabu.

"Hata hii haikubaliki. Tafadhali mwambie kijana avae shati."

Jale akapandisha zipu ya koti hadi kidevuni. "Wamesema nini, dada?"

Stella akavua sweta lake mwenyewe, akamfunika.