Mafiga ya Wakarima

Usinikunjie uso. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kuona meno yako. Ninyi watu wa nyumba za mawe mnadhani mtu akishazikwa na nyumba yake ikabomolewa, mambo yamekwisha. Haya. Kalia hicho kigoda usikie yaliyompata Mukai.

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Mtaani Kawangware walikuwa wanaangusha nyumba za zamani za udongo ili barabara ipite na mitaro ichimbwe. Mukai, mjane kutoka Machakos mwenye binti mmoja, Mutheu, alikuwa kibarua wa kusafisha. Trekta likishaangusha, yeye na wenzake wanazoa takataka. Mbao na mabati yaliyobaki mazima waliruhusiwa kubeba. Kwa mabati hayo, moja moja, kichwani, mpaka mtaa wa Sarang'ombe, Mukai akajijengea chumba. Chake mwenyewe. Cha kwanza tangu azaliwe ambacho hakuna mtu angeweza kumgongea na kumwambia ahame.

Siku moja wakaangusha nyumba ya bibi kizee aliyeitwa Wakarima. Bibi alikuwa amekufa miezi miwili nyuma. Katikati ya kifusi kulikuwa na mafiga matatu, mawe meusi, laini, yaliyopikiwa maisha mazima. Mukai nyumbani alikuwa anapikia juu ya matofali yaliyovunjika. Akayatia mawe kwenye gunia.

Shivachi, nyapara wao, akamtazama. "Mama Mutheu, hata mawe? Kesho utabeba shimo la choo!"

"Shimo nitakuachia wewe ulalie," Mukai akamjibu. Watu wakacheka.

Lakini Mukai alijua. Mwanamke anapohama, mafiga huyatoa yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mwingine hayagusi. Mama yake alimfundisha hivyo, na Wakikuyu wa pale walishika vivyo hivyo. Alijua kabisa. Ila alijiambia kwamba nyumba ya kubomolewa haina mwenyewe.

Siku ya nne tangu ayabebe mawe, jua likizama, akatoka kwenda Kianda, mtaa wa jirani, kununua mafuta ya taa. Alimwacha Mutheu, bintiye wa miaka mitatu, amelala. Moto alikuwa hajawasha.

Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Githeri. Mahindi na maharagwe yaliyochemka mchana kutwa.

Akasukuma mlango. Giza, na mwanga hafifu wa mlangoni tu. Hakuna sufuria mafigani. Hakuna moto.

Mutheu alikuwa ameketi kando ya mafiga, anatafuna.

"Unakula nini?"

"Nimeshiba."

"Nani amekupa?"

"Cucu."

Kwao Ukambani nyanya huitwa susu. Cucu ni neno la Kikuyu, na hakuna aliyemfundisha mtoto.

Mukai akawasha kibiriti, akamfungua mdomo.

Majivu.

Ndipo alipoelewa kwa nini mtoto alikuwa amekataa uji siku tatu, mpaka mbavu zikaanza kuonekana. Akambeba, akakimbilia kwa jirani yake Wangoi, mzaliwa wa Kawangware, akamweleza habari za mawe na majivu.

"Hayo mawe umeyatoa kwa nani?" Wangoi akanong'ona.

"Kwa Wakarima."

Wangoi akarudi hatua nyuma. "Huyo walipomwambia ahame, alisema mafiga yake yalipo ndipo alipo. Wakamkuta amekufa jikoni, ameyakumbatia."

"Nayarudisha sasa hivi."

"Utayarudisha wapi, Mama Mutheu? Nimepita huko leo. Pameshindiliwa. Ni barabara."

"Basi nitayatupa mtoni!"

Wangoi alikuwa anamtazama mtoto mdomo.

Mukai akarudi nyumbani, mtoto mgongoni. Akainama, akashika jiwe la kwanza. Likamuunguza kiganja. Jiwe lisilokuwa na moto!

Kitanda kikalia nyuma yake. Kama mtu mzito anayegeuka.

"Usiguse."

Mukai hakugeuka.

"Cucu... nisamehe. Nitakutafutia mahali pazuri."

"Nimechoka kuhamishwa."

Kisha, taratibu, sauti ikasema, "Mtoto abaki. Namzoea."

Mukai akainua macho. Gizani hakuyaona mabati yake, lakini alijua kila moja limetoka wapi. Alijua msumari upi ulimpiga kidole, na pembe ipi ingevuja mvua ikija. Nje ya kuta zile hakuwa na kitu duniani.

"Mtoto hapana," akasema. "Chukua chumba."

Foo... foo...

Mtu alikuwa anapuliza makaa. Katikati ya mafiga, mahali pasipo na kuni, mwali ukasimama. Kwenye mabati kukatokea kivuli cha Mukai na mtoto mgongoni. Kando yake kivuli kingine, kifupi, kimepinda mgongo.

"Basi nenda," sauti ikasema. "Kabla chakula hakijaiva."

Hakuchukua blanketi. Hakuchukua sufuria. Alikaza leso kifuani, akapiga hatua kuelekea nje. Mutheu akanyoosha mikono nyuma, kwenye moto, akalia kama anayenyang'anywa mama. Kisha akanyamaza, ghafla. Karibu kabisa na sikio lake, Mukai akasikia meno madogo ya Mutheu yakitafuna tena.

Akatoka. Akaufunga mlango polepole, bila kelele, kama mgeni anavyomfungia mwenye nyumba.