Kofi la Mkono Wenye Bandeji

Kabati la studio lilikuwa wazi, kufuli zima, na kinasa sauti hakimo.

Ndani ya kinasa hicho mlikuwa na wimbo wa mwisho wa mwimbaji. Madaktari hawakumficha: upasuaji wa koo ungeokoa uhai, lakini sauti ingekwenda moja kwa moja. Akaomba ruhusa wodini, akaja studio, akaimba wimbo mmoja bila ala, akarudi kitandani. Kamera ilichukua picha bila sauti, sauti ikachukuliwa na kinasa peke yake. Sasa alikuwa amepona, hana sauti, na sauti yake imeibwa.

Ufunguo mmoja alikuwa nao mpiga picha, wa pili ulining'inia nyumbani kwa mwimbaji. Inspekta akamtia mpiga picha mahabusu.

Baada ya siku chache mdogo wa kike wa mwimbaji, aliyekuwa mwitikiaji wa nyimbo zake tangu utotoni, akaingia kituoni na kinasa mkononi.

"Nimekiokota kwenye pipa la taka nyuma ya studio, afande."

Alama za vidole zilikuwa zake tu. Hakuna aliyeshangaa, kwani si yeye aliyekiokota?

Mpiga picha akatolewa ili aoanishe sauti na picha, maana hakuna mwingine aliyeijua kazi hiyo. Wote wakakusanyika studio.

"Unaoanishaje?" Inspekta akauliza.

"Kabla ya kuimba, mwimbaji anapiga kofi moja mbele ya kamera. Natafuta viganja vinapokutana, natafuta mlio wa kofi, naviweka pamoja. Basi, mengine yote yanajipanga."

Wimbo ukaanza. Midomo na sauti vilikwenda sawia. Mume wa mwimbaji akalia kama mtoto. Mdogo mtu naye akalia. Mwimbaji mwenyewe, kitambaa shingoni, alikaa akimtazama mdogo wake.

"Ni yeye, afande," mume akasema. "Funga jalada."

"Rudisha mwanzo," Inspekta akamwambia mpiga picha. "Pale kwenye kofi. Simamisha."

Mkono wa kulia wa mwimbaji ulikuwa umezungushiwa bandeji nene, kuanzia pale ilipochomwa sindano ya dripu hadi kiganjani.

Inspekta akatoa leso, akaizungusha kwenye kiganja chake, akapiga kofi. Mlio ukafa palepale. Akavua leso, akapiga tena. Paa! Ukawa uleule wa kwenye kinasa.

"Sauti hii haikurekodiwa siku ile," akasema. "Nani anaweza kuimba hivi?"

Mume akageuka taratibu. "Shemeji?"

"Siku ile ulikuwepo?" Inspekta akamuuliza mdogo mtu.

"Sikuwepo. Nilikuwa nyumbani na watoto wake."

"Ndiyo maana hukujua habari za bandeji. Picha ulipewa uitazame?"

"Shemeji alinitumia kwenye simu. Ndogo ndogo."

"Na ufunguo?"

"Niliuchukua ukutani."

"Sauti ya dada yako iko wapi?"

Akanyoosha mkono, akakigusa kinasa.

"Iko wapi?"

"Nimeifuta." Kisha yakamtoka yote. "Kila pumzi yake naijua, nimeifuata maisha yangu yote! Mlikuwa mnanisikia lakini hamnisikilizi. Nilitaka mara moja tu mlie kwa sauti yangu. Na mmelia! Shemeji, umelia!"

"Na mimi?" mpiga picha akauliza. "Nilale sakafuni mahabusu kwa ajili hiyo?"

Mdogo mtu alikuwa akimtazama dada yake.

"Dada, sema kitu."

Neno hilo, kwa mtu asiye na sauti, lilikuwa baya kuliko wizi wenyewe, na wote walilisikia. Inspekta, aliyezoea waongo wa kila aina, alijikuta ana hasira kana kwamba ni yeye aliyeibiwa.

Mwimbaji akasimama. Mkono wake sasa haukuwa na bandeji. Akaviinua viganja mbele ya uso wa mdogo wake, kama alivyofanya kila walipoanza wimbo, akapiga kofi moja.

Mdogo mtu, kwa mazoea, akavuta pumzi na kufungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Inspekta akangoja kidogo, kisha akatoa pingu.