Miguu ya Nyuma ya Ng'ombe

Kila asubuhi huko Minjila, Sidi alifagia uwanja, akawamwagia kuku mtama, kisha akawaigizia. Kuku walikuwa watazamaji wazuri, hawakuzomea. Ila jogoo mmoja, kila mara, aliondoka katikati ya mchezo. Sidi alitaka kazi moja tu duniani: uigizaji.

Shule zilipofungwa, alimwendea Bi Mwanaarusi, kiongozi wa waigizaji wa Garsen. Hao waliishi kwa sanaa; walialikwa na kulipwa. Safari hii walikuwa na mchezo wa kuwahimiza wafugaji wachanje mifugo.

"Nafasi ipo," Bi Mwanaarusi alisema. "Utakuwa ng'ombe. Miguu ya nyuma. Ya mbele ni ya Kitsao. Ukifanya vizuri siku ya soko, utakwenda nasi kijiji cha Hewani, kwenye onyesho lijalo."

Sidi alijiona tayari njiani na waigizaji wa kweli. Hewani!

"Vazi bado liko kwa fundi cherehani. Kwa hiyo kila alfajiri nenda kwa kina Bishara, rafiki yako, uwatazame ng'ombe wao wanavyolala na kuinuka. Wafugaji hawadanganyiki kwa ng'ombe."

Alfajiri ya kwanza Sidi alilala. Ya pili pia. Miguu ya nyuma ina kazi gani, alijiambia, ni kufuata tu. Bi Mwanaarusi alipomuuliza, alijibu kwa macho makavu, "Nimetazama, Bi, mpaka ng'ombe wakaona haya."

Siku ya soko la mifugo, jua lilikuwa kali hata vivuli vya watu vilijificha chini ya viatu. Mbele kabisa alikaa Mzee Godana, babu yake Bishara, aliyewatambua ng'ombe wake kwa kikohozi. Ng'ombe wa magunia akaingia, akayumba, akaanguka mgonjwa. Bi Mwanaarusi, aliyeigiza daktari, akamdunga sindano kubwa kama pampu ya baiskeli.

"Sasa ng'ombe atainuka, mzima," akatangaza.

Ng'ombe hakuinuka.

"Inuka, we," Kitsao alinong'ona ndani ya magunia.

"Anza wewe, mimi nafuata," Sidi akajibu.

"Nyuma ndiyo huanza, bana."

"Nani kasema?"

Bi Mwanaarusi akadunga tena.

"Huyo amekufa," Mzee Godana akasema. "Mnamsumbua bure."

Kitsao akakata tamaa, akasimama. Mbele ikawa juu, nyuma ikabaki chini. "Kainuka kama punda," mtu akasema, na watu wakacheka mpaka mbuzi wakakata kamba.

Mzee Godana hakucheka. Alichukua fimbo yake. "Sindano hiyo inageuza ng'ombe kuwa punda. Wangu hawachanjwi." Wazee wengine wakaanza kuinuka.

Sidi alisikia. Wakiondoka, mchezo umekufa, na Hewani imekwenda. Akachomoka nyuma ya magunia.

"Kumbe alikuwa na mimba," mama mmoja akasema.

"Babu," Sidi aliita, nyuzi za gunia zimemjaa kichwani, "sindano haina kosa. Kosa ni langu. Nilitumwa kwenu kuwatazama ng'ombe, sikwenda. Nikasema nimekwenda."

"Bishara alikungoja," Mzee Godana alisema. "Hata maziwa yako yalipoa."

Alimtazama kidogo. Kisha akamgusa kwa fimbo ng'ombe aliyelala kando. Ng'ombe akainua makalio kwanza, magoti ya mbele yangali chini, ndipo akasimama.

"Umeona? Basi rudi kazini. Sisi tunakaa."

Mchezo ukarudiwa. Sidi aliinuka vizuri, ndama mmoja akaja mbio kutafuta titi. Mzee Godana aliuliza kama ng'ombe yule anauzwa, kisha akauliza wachanjaji wanakuja lini.

Wakikunja vazi, Sidi alisema kwa sauti ndogo, "Hewani ndiyo basi, Bi?"

"Ungeniambia ukweli, tungefanya mazoezi," Bi Mwanaarusi alisema. "Watu wanatulipa wakiamini tumefanya kazi kabla ya kuja. Msanii asiyejiandaa huwaangusha wenzake wote, na uongo wake huonekana hata akijificha ndani ya gunia. Leo umesema kweli mbele ya soko zima, kwa hiyo utakwenda. Lakini ni nyuma vilevile."

Kesho yake, kabla jogoo hajawika, Sidi alikuwa zizini kwa kina Bishara, amepiga magoti kwenye samadi, akiinua makalio. Ng'ombe walimtazama kwa makini. Hakuna hata mmoja aliyeondoka.