Kidole Gumba Kilicholala

Jumamosi ile bahari ya Byron Bay, pwani ya Australia, ilijaa watu hadi ungedhani mawimbi yanagawiwa bure. Na kweli yanagawiwa bure, ila kwa foleni, na sheria ya foleni kila mtoto wa mji anaijua: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika, wimbi ni lake. Ukimkatia umemwibia, na utatukanwa mpaka ufukweni.

Brodie Hanrahan alikuwa keshasimama juu ya ubao wake wa kutelezea mawimbini, magoti kayakunja, wimbi la kijani linamfungukia vizuri kabisa, pale msichana mmoja alipojitupa mbele yake bila hata kugeuza shingo. Mbao zikagongana. Wakaibuka wote wawili wanatema chumvi.

"Dada, huna macho?"

"Ninayo, tena mawili. Wewe ndiye hukunipisha!"

"Nikupishe? Wimbi lilikuwa langu!"

"Kwani limeandikwa jina?"

Nyuma yao mzee Clarrie akapaza sauti. Clarrie alikaa pale kila asubuhi juu ya ubao wake mrefu wa njano, na tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumwona akimwachia mtu wimbi. "Mtoeni huyo mwizi! Watu wa milimani hawa, wanadhani kila kitu cha ushirika!"

Msichana akacheka. Angekasirika, Brodie angesalimika. Lakini alicheka kwa kinywa chote, nywele zimemganda shingoni, madoa ya jua puani, na suti yake ya mpira imetiwa viraka vya rangi ambazo hazikujuana.

"Babu kasema kweli," akamwambia Brodie. "Kwetu kila kitu cha ushirika. Naitwa Tansy. Njoo ufukweni nikupe chai ya kuomba radhi."

Chai ikageuka chakula cha mchana, na chakula cha mchana kikageuka majira mazima ya joto. Tansy alizaliwa Bonde la Mierezi, juu huko nyuma ya mji wa Mullumbimby, katika jamii iliyoanzishwa na vijana waliokimbia jiji na magitaa yao, ambao sasa wamebaki na magoti mabovu. Watoto wao waliwapa majina ya mimea na hali ya hewa. Yeye alipata jina la ua la dawa. Kaka yake, mtu mpole kupita kiasi, walimwita Dhoruba. Brodie akichekesha, Tansy hakupiga makofi. Alinyanyua mikono na kuchezesha vidole hewani, ndivyo walivyoshangilia mikutanoni kwao ili kelele zisimkatize msemaji.

Simu bondeni zilishika sehemu moja tu, juu ya jiwe lililo karibu na lango.

"Mpenzi, nasikika?"

"Nusunusu. Umesimama kwenye jiwe?"

"Kwa mguu mmoja."

"Nasema nimekumisi!" Brodie akapaza sauti.

"Sema tena, ng'ombe wa jirani hawajasikia."

"Nimekumisi, kichaa wangu!"

Kisha banda ambalo Brodie alilipanga liwe karakana yake ya kuchonga mbao za mawimbini, na ndimo pia alimolala, likauzwa kwa watu wa Sydney waliotaka kujenga nyumba ya likizo. Marafiki zake wengi walikwishahama kwa sababu hiyo hiyo. Kazi ilikuwepo Queensland, mbali, lakini Tansy hangeondoka bondeni, na Brodie hakutaka kuishi pasipo na Tansy.

"Basi njoo kwetu," Tansy akasema. "Njoo uishi na mimi. Ila lazima mkutano ukubali. Kidole gumba kimoja tu kikielekea chini, imekwisha."

Siku ya mkutano Brodie alivaa shati lake pekee lenye kola, akalipiga pasi, na viatu akavipaka rangi. Ukumbini watu wote walikuwa pekupeku. Gwenda, mwanamke wa mvi ndefu aliyeendesha kikao, akamkazia macho.

"Mwanangu, tumesikia unakula nyama."

"Pai tu, mama. Mara moja moja."

"Utaila wapi?"

"Popote mtakaponiambia. Hata ndani ya gari, vioo nimefunga."

Vidole vikachezeshwa hewani ukumbi mzima. Brodie akapumua.

"Haya," Gwenda akasema. "Vidole gumba."

Brodie hakuwatazama wengine. Alimtazama Tansy tu. Tansy akamtazama, akatabasamu, akanyoosha mkono, na kidole gumba chake kikalala ubavu, si juu, si chini.

Mjini, ukimuuliza mtu habari za mawimbi naye akakilaza kidole hivyo, maana yake hafifu, si lolote. Brodie alihisi uso unawaka. Mbele ya watu wote, tena huku anatabasamu! Aliinuka kabla Gwenda hajamaliza kuvihesabu vidole, akatoka, akawasha gari. Tansy alidhani ametoka kupata hewa, na desturi haikumruhusu mtu kuondoka vidole vikiwa juu, kwa hiyo hakumfuata.

Jioni hiyo mvua ikaanza kushuka kwa hasira, ikaendelea siku baada ya siku. Kijito kikalifunika daraja la bondeni, mlingoti wa simu ukaanguka. Brodie hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba simu yake imekaa kimya, na kila alipoitazama alijiambia: si lolote. Kiburi kikamzuia kupiga yeye. Akaanza kufunga mizigo ya kwenda Queensland.

Jua liliporudi, alikwenda kuiaga bahari. Clarrie alikuwepo, na foleni ilikuwepo. Brodie alikuwa amekaa juu ya ubao anautazama mnara wa taa, aliposikia mtu anapiga maji kwa fujo nyuma yake. Alikuwa Tansy, juu ya ubao wa kuazima.

"Brodie! Umekuwa bubu?"

"Mimi? Wewe umeniaibisha hadharani, halafu kimya!"

"Mlingoti umeanguka! Daraja limezama! Nimevuka kijito maji kiunoni, nikaomba lifti kwa mtu na mbuzi wake, leo unaniambia kimya? Nimekuaibisha vipi?"

Brodie akanyoosha mkono, akakilaza kidole gumba. "Hivi. Si lolote. Ndivyo ulivyosema."

Tansy akakitazama kile kidole. Kisha akafunika uso kwa viganja.

"Mungu wangu. Hukujua?"

"Kujua nini?"

"Kidole kikilala, maana yake nimekaa pembeni. Kwetu anayempenda mtu hampigii kura, asije akasemwa kapendelea. Brodie, kukilaza kile kidole ni kusimama mbele ya bonde zima na kusema nakupenda. Sijawahi kumlazia mtu yeyote."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani dunia nzima inajua! Mimi nimefundishwa kabla sijajua kusema."

"Na wale wengine?"

"Wote juu. Hata Gwenda. Wamekutengea kona ya kulia pai, nje, upande ambao upepo unakwenda barabarani."

Brodie alicheka, kisha akalia, na kwa kuwa uso ulishalowa hakujisumbua kuficha. Alikuwa amebakiza kidogo tu ampoteze mwanamke huyu kwa ajili ya kidole.

"Tansy, nataka kukuoa. Unasemaje?"

Tansy akanyoosha mkono juu ya maji. Kidole gumba chake kikalala ubavu, na safari hii Brodie alikielewa.

"Mimi mhusika," Tansy akasema, machozi yanamtoka. "Waulize watu."

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Vidole gumba vikaanza kunyanyuka, cha huyu, cha yule, vya wageni wasiojua hata majina ya hao wawili. Akabaki Clarrie.

"Huyo si ndiye yule mwizi?"

"Ndiye, mzee wangu," Brodie akajibu.

Nyuma yao bahari ikajikusanya. Lilikuwa wimbi refu, safi, zuri kuliko yote ya asubuhi ile, na Clarrie ndiye aliyekuwa karibu nalo. Alikuwa keshalala kifudifudi, mikono ndani ya maji. Akalitazama wimbi, akawatazama wao. Kisha akauvuta ubao wake nyuma.

"Nendeni," akasema. "Wote wawili. Haraka, kabla sijabadili mawazo."