Sekunde Kumi na Moja za Mgeni

Wimbo wa saba ulikataa kupungua.

Nyimbo sita za kwanza zilikuwa zimetii. Lorine alizitoa kwenye kanda za zamani, akaziingiza kwenye kompyuta, akazibana, na kila moja ikashuka kutoka ukubwa wa gunia hadi ukubwa wa kibaba. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika kiduka chake cha Kibuye, mjini Kisumu. Watu walimletea kanda za harusi, za mahubiri na za ngoma za marehemu wao, naye akawarudishia kadi ndogo kama ukucha, za kutia kwenye redio. Lakini wimbo wa saba, alipoubana, ulitoka mzito kuliko ulivyoingia.

Alidhani ni programu. Akajaribu nyingine. Akashusha kipimo kutoka kilobiti mia moja ishirini na nane hadi sitini na nne, akaunganisha njia mbili za sauti ziwe moja, akabana tena. Faili likazidi kunenepa.

Kanda zilikuwa za Mzee Owiti wa upande wa Bondo. Ndugu yake mkubwa, Obiero, alikuwa mpiga nyatiti, ile ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na Jumamosi hiyo familia ilikuwa ikutane kumkumbuka, mwaka mmoja tangu azikwe. Mzee alitaka kadi arobaini, moja kwa kila nyumba ya ukoo tangu Port Victoria hadi Muhoroni, na kanda zote kumi na tisa zienee katika kila kadi. Kadi zenyewe zilikuwa ndogo. Ndiyo maana Lorine alikuwa akibana.

Sasa, programu ya kubana nyimbo ina busara yake. Hugawa nafasi kama mama anavyopakua chakula kwa kuangalia nani ana njaa: penye sauti nyingi huweka nafasi nyingi, na penye kimya huweka punje tu. Lorine alifungua kile chombo kinachoonyesha nafasi imekwenda wapi. Katikati ya wimbo palikuwa na pengo. Nyatiti inanyamaza, hakuna anayesema neno, sekunde kumi na moja zinapita, kisha nyatiti inarudi. Na ilikuwa hapo, penye kimya, ambapo programu ilikuwa imepakua karibu chakula chote, kana kwamba umati mzima ulikuwa ukisema kwa pamoja.

Alivaa vidude vya masikioni akasikiliza. Alisikia mvumo wa kanda tu. Halafu akanusa tope. Tope la ziwani, na magugu yaliyooza, ingawa ziwa lilikuwa mbali na Kibuye na jua la saa saba lilikuwa limekausha hata mitaro.

Lorine hakuwa mtu wa kucheleweshwa na mvumo. Alijua mvumo ni mgumu kubanwa, kila fundi anajua. Akachagua chombo cha kuondoa kimya, akakiamuru kikate pengo lolote linalozidi sekunde mbili, akabonyeza. Wimbo ukawa mwepesi kama ndugu zake. Akauhifadhi juu ya ule wa kwanza, akafuta mafaili makubwa yote kwa sababu diski ilikuwa imejaa, kisha akafungua mashine atoe kanda.

Mashine ilikuwa imeimeza. Utepe ulitoka umejikunja, umekatika vipande vitatu.

Ijumaa, Mzee Owiti alipofuata mzigo wake, alikuwa na haraka. Lorine alimkabidhi kadi na sanduku la kanda, akafungua kinywa amwambie, na aibu ikamfunga ulimi. Mzee akamshukuru, akamwita nyathina, mtoto wangu, akaenda zake.

Jioni hiyohiyo, saa kumi na moja, binti wa Lorine, Ajwang, aliketi kwenye kigoda nyuma ya kaunta, miguu peku kwenye sakafu ya saruji, akisoma kitabu chake cha Gredi ya Pili kwa sauti. Alikuwa msomaji wa kelele, mtoto yule. Majirani walimtania kwamba akisoma, hata wanunuzi wa mitumba ng'ambo ya barabara hujua hadithi imefika wapi.

"Kesho yake mama kuku," alisoma, "alitoka na vifaranga vyake kwenda..."

Akanyamaza.

Lorine aliendelea kupanga kadi tupu. Kimya kikarefuka. Alipogeuka, Ajwang alikuwa amekaa wima, kidole kwenye neno, macho wazi. Kifua chake hakikupanda wala kushuka. Ndipo Lorine akasikia sauti ndogo kutoka chini: ko. Ko. Ko. Kidole gumba cha mguu wa mtoto kilikuwa kikigonga sakafu, nyama laini juu ya saruji, lakini sauti yake ilikuwa ya chuma juu ya mti.

"...shambani," Ajwang alimalizia, akavuta pumzi, akafungua ukurasa mwingine.

Hakujua kwamba alikuwa amenyamaza. Mama yake alipomuuliza, alicheka, akasema mama ndiye aliyesinzia.

Jumapili ilitokea kanisani, katikati ya sala. Lorine alihesabu ishirini. Jumatatu mwalimu alipiga simu, na kwa sauti ya chini akaeleza kwamba Ajwang alikuwa akijibu hesabu ubaoni akaganda na chaki mkononi, na darasa zima likanuka samaki. Zahanati walimpima damu, wakamsikiliza mapafu, wakasema mtoto ni mzima. Walipokuwa wakisema hivyo aliganda tena palepale kitandani, na mara hii Lorine alihesabu thelathini na tano. Jumanne ilikuwa hamsini. Midomo ya mtoto ilianza kugeuka rangi ya jivu kabla pumzi haijarudi. Lorine, ambaye kazi yake ilikuwa kupima sauti kwa sekunde, aliweza kupiga hesabu hiyo bila kalamu: siku moja, karibu sana, kimya kingekuwa kirefu kuliko pumzi ya mtoto wa miaka saba.

Duka la jirani lilikuwa la Bi Rehma, mshonaji, mama wa makamo ambaye watu wa mtaa, Waislamu kwa Wakristo, walimletea watoto wanaoshtuka usingizini ili awasomee. Alikuja na kitabu chake na bakuli la maji. Alisoma polepole, mkono wake juu ya utosi wa mtoto, na chumba kikatulia. Kisha Ajwang akaganda. Bi Rehma hakuruka. Aliinama akaweka sikio karibu na ile midomo iliyofunguka kidogo, akakaa hivyo, na Lorine akaona nywele ndogo za shingo yake zikisimama. Pumzi iliporudi, Bi Rehma alifunga kitabu.

"Huyu simwezi, Mama Ajwang," alinong'ona.

"Amekushinda?"

"Mimi hufukuza wavamizi. Huyu hakuvamia. Huyu analalamika. Alikuwa akisema maneno yake, akakatizwa." Alimtazama usoni. "Ni nani uliyemnyang'anya zamu yake?"

Lorine alichukua simu akampigia Mzee Owiti, akaungama yote: wimbo uliokataa, chombo cha kukata kimya, kanda iliyomezwa, na aibu ya Ijumaa. Upande wa pili kukawa kimya, na kwa sekunde chache za kutisha alidhani hata yeye ameganda.

"Nyathina," mzee alisema mwishowe, "wewe ni Mjaluo. Ulikulia kwenye ngoma zetu. Pakruok hukatwa?"

Haikatwi. Lorine alilijua hilo tangu utotoni. Nyatiti ikipigwa, mtu yeyote aliyefika ana haki ya kuisimamisha ajisifu: ataje jina lake, kwao, mashujaa wake na wapenzi wake, na wote hunyamaza, na mpigaji haguswi na haraka mpaka mwenye kujisifu amalize. Hiyo ndiyo pakruok. Kumkatiza mtu katikati yake ni kumwambia mbele ya watu kwamba yeye si kitu.

Mzee akamweleza asilolijua. Miaka mingi nyuma, kwenye matanga ufukweni, Obiero alisimamishwa katika wimbo ule na sauti iliyotoka upande wa maji, na watu walipogeuka hawakuona mtu. Vijana wakataka kukimbia. Obiero akakataa. Alisema aliyekuja kwenye ngoma ni mgeni, na mgeni hupewa zamu yake. Akainua mkono kutoka kwenye nyuzi, akangoja. Tangu siku hiyo, kila alipoupiga wimbo huo, mahali pale alimwachia mgeni wake sekunde kumi na moja, na katika maisha yake yote mgeni hakuzidisha hata moja.

"Nirudishe lile pengo?" Lorine aliuliza. "Naweza kuweka kimya cha kompyuta."

"Kimya cha kompyuta hakina mtu ndani," mzee alisema. "Kimya chake kilikuwa cha watu waliojizuia ili yeye aseme. Nitakuja na nyatiti."

Alifika Jumatano saa tisa alasiri, ala ya ndugu yake imefungwa kwenye blanketi. Lorine alikuwa ameandaa kipaza sauti na kuweka kipimo cha juu kabisa, bila kubana chochote, bila kukata chochote. Ajwang alikuwa kwenye kigoda chake na kitabu. Bi Rehma alifunga mlango wa duka, na jua likabaki nje na kelele za soko.

"Bibi akafungua banda," Ajwang alisoma, "akaona..."

Akaganda. Mzee alikuwa hata hajakaza nyuzi.

Lorine akaanza kuhesabu, na alipofika thelathini mzee alikuwa amekaza nyuzi nne tu, akizijaribu moja moja kwa utaratibu wa mtu asiyejua haraka ni nini, kwa sababu nyatiti isiyokazwa vizuri ni matusi vilevile, na alipofika hamsini harufu ya tope ilikuwa imejaa chumba mpaka macho yakawasha, na maji, au kitu kilichong'aa kama maji, yalikuwa yakitoka chini ya kigoda na kutambaa kwenye sakafu kufuata nyayo za mtoto, na mguu ule mdogo ulikuwa ukigonga ko, ko, ko, ukimngoja mpigaji, ukimharakisha, mpaka mzee akajivika pete ya chuma ya wapiga nyatiti kwenye kidole cha mguu wake mwenyewe, akagonga mti wa nyatiti mara moja, na milio miwili ikawa mmoja.

Akapiga. Wimbo ulikuwa mfupi kuliko Lorine alivyoukumbuka. Ukafika katikati, na mzee akainua mkono kutoka kwenye nyuzi.

Hapo ndipo Lorine alipoelewa anachoombwa. Mtoto wake alikuwa hapumui, mashavu yamekuwa ya jivu, na yeye alitakiwa anyamaze. Asimtikise, asimwite jina, asilie. Kila kilichokuwa mama ndani yake kilitaka kupiga yowe, na yowe hilo lingekuwa kumkata mgeni mara ya pili. Bi Rehma alimshika mkono akaubana. Lorine aliuma ncha ya leso yake, akaacha kuhesabu, akasikiliza. Na katika kimya kile alichokiita mvumo, safari hii alisikia: sauti nyingi ndani ya moja, nzito, isiyo na hasira, ikitaja majina ya visiwa na ya watu waliozama na ya mahali ambapo siku hizi ni maji, ikijivuna, ikijipamba, kama mzee yeyote kwenye ngoma yoyote ambaye amengoja zamu yake siku nyingi na hataki kuruka neno, na iliendelea, ikaendelea, na macho ya Ajwang yakaanza kupanda juu yakabaki meupe, na leso ikachanika kati ya meno ya mama yake, na bado hakuna aliyetoa sauti.

Ko. Ko. Ko.

Mkono wa Mzee Owiti ukashuka kwenye nyuzi.

"...kuku wake wote wako salama," Ajwang alisoma, akavuta pumzi ndefu yenye kukwaruza, akakohoa. Halafu akalalamika kwamba sakafu imelowa na nani amemwaga maji.

Lorine alimkumbatia mpaka mtoto akaomba aachwe. Bi Rehma alifungua mlango, na kelele za Kibuye zikaingia kama ndugu. Walimsomesha Ajwang ukurasa ule mara tatu, kisha unaofuata, kisha wakamwimbisha. Hakunyamaza popote pasipo na nukta. Lorine alihifadhi wimbo mpya mzima, na uzito wake wote, akaapa hataupunguza hata punje.

Mzee Owiti alikuwa akikunjua blanketi aifunge nyatiti simu ya Lorine ilipolia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, changamfu. Alisema anapiga kutoka Muhoroni, namba ameikuta kwenye karatasi ya kadi, moja ya zile arobaini walizogawiwa kwenye kumbukumbu ya mzee Obiero. Alitaka kushukuru. Watoto wameipenda kadi hiyo, hasa wimbo wa saba, wanaurudia tangu asubuhi.

"Ila nilitaka kukuuliza kitu, dada," alisema. "Huu wimbo, hapa katikati, ni kama kuna mahali..."

Lorine alingoja. Hakukuwa na pumzi kwenye simu. Kwa mbali, taratibu, akasikia chuma kikigonga mti, na nyuma yake kingine, na kingine, milio midogo midogo, kama ya miguu ya watoto.

"Mzee," alinong'ona, "usiifunge."

Kisha akaanza kuhesabu.