Angeline Hajanyamaza

Nyumba ya Mama Ayoo pale mtaa wa Huruma, Eldoret, ni ya vyumba viwili, na kila kitu ndani yake kimevaa kitambaa. Viti vimevaa. Redio imevaa. Hata ndoo ya maji ya kunywa imevaa. Mama Ayoo hufuma vitambaa hivyo mwenyewe akiwa ameketi, maana mguu wake mgonjwa haumruhusu kusimama sana. Na ole wako ukiinua kitambaa chake bila ruhusa.

Hulda, binti yake, ni fundi wa nguo. Alinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, ili atafute mitindo ya magauni. Siku hiyo hiyo kompyuta nayo ikavishwa kitambaa cheupe chenye maua mekundu, kikashuka mpaka nyuma. Hulda alikuwa akitazama picha tu. Video hakuwahi kujaribu.

Kisha Angeline, mdogo wake Mama Ayoo, akafariki huko Ugenya. Mguu ulikuwa umevimba vibaya, kwa hiyo Mama Ayoo hakwenda kumzika dada yake. Jambo hilo lilimuuma kuliko mguu wenyewe. Baada ya mazishi, kijana wa Angeline alimtumia flashi yenye video. Ilirekodiwa Angeline akiwa kitandani, akimuaga dada yake. Jumapili jamaa walio Eldoret wangekuja kwa maombi, na Mama Ayoo alisema wazi kwamba wote watamsikia Angeline.

Jumamosi Hulda alichomeka flashi kwenye kompyuta. Video ilikataa. Kwenye skrini yalikuja maneno ya Kiingereza kwamba kompyuta haiwezi kufungua faili hiyo. Hulda akatafuta msaada kwenye mtandao, na hapo likaruka tangazo jekundu likimwambia abonyeze haraka, kompyuta yake ni mgonjwa.

Shemeji Zachariah, kaka wa marehemu mume wa Mama Ayoo, alikuwa hapo akinywa chai. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema. Alisema video imeharibika, na pengine marehemu mwenyewe hataki kusikika. Afadhali flashi ifutwe, naye aitumie kuwekea mahubiri. Akanyoosha mkono aichomoe.

Mama Ayoo aliweka sindano chini.

"Shemeji, rudisha mkono. Angeline hakunyamaza hata siku moja akiwa hai. Hawezi kuanza leo."

Akamtuma Hulda amwite Wahu, jirani anayefundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini. Wahu alikuja na kandambili miguuni. Kitu cha kwanza alifunga lile tangazo. Alisema mwenye dawa ya ukweli hakufuati nyumbani akikupigia honi. Matangazo ya namna hiyo ndiyo huleta virusi. Cha pili, alimwambia Hulda anakili video kutoka kwenye flashi na kuiweka ndani ya kompyuta, ili flashi ikipotea au ikifutwa, Angeline abaki.

"Video haijaharibika, Shosho," alimwambia Mama Ayoo. "Video hufungwa kwa njia nyingi, kama makufuli. Hii kompyuta haina ufunguo wa hii moja. Tutaupata, na ni wa bure."

Ufunguo wenyewe ni programu inayoitwa VLC, yenye alama ya koni ya rangi ya chungwa. Wahu alieleza kwamba programu huchukuliwa kwenye tovuti ya walioitengeneza, si popote pale. Akamtajia Hulda anwani, videolan.org, na kukataa kabisa kugusa kibodi. Hulda aandike mwenyewe, maana kesho Wahu huenda asiwepo. Hulda akaandika, akapakua, akaiweka, kisha akafungua video kwa programu hiyo mpya.

Angeline akatokea, amefunga kilemba cha bluu. Midomo ilikuwa ikienda. Sauti hakuna.

"Si nilisema?" Zachariah akasema. "Sura tumepewa, sauti tumenyimwa."

Mama Ayoo hakumtazama. Alimwambia Wahu aendelee.

Wahu alimwonyesha Hulda alama ya spika kwenye kona ya skrini. Sauti haikuwa imezimwa. Wakaiongeza. Wakajaribu wimbo mmoja, nao haukusikika.

"Basi shida si video," Wahu akasema. "Tufuate waya."

Waya wa spika ulipita chini ya kitambaa, ukaishia nyuma. Wahu alinyoosha mkono, kisha akasita na kumtazama mwenye nyumba. Hulda naye akakiri kwamba siku kompyuta ilipoletwa alichomeka waya huo kwa kupapasa chini ya kitambaa, maana aliogopa kuharibu mapambo ya mama.

Mama Ayoo aliinuka, na mguu wake hivyo hivyo, akakivuta kitambaa chote chini. Nyuma kulikuwa na vumbi na joto jingi. Wahu alisema kompyuta ikifunikwa inapowaka haipati hewa, na itakufa mapema. Kisha akaonyesha matundu. Waya ulikuwa kwenye tundu la waridi, ambalo ni la maikrofoni, la kuingiza sauti. La kutoa sauti ni la kijani. Hulda akachomoa waya, akauchomeka kwenye kijani.

Sauti ilijaa chumba, na Mama Ayoo akaagiza izimwe hapo hapo. Angemsikia dada yake kesho, mbele ya watu wote.

Jumapili watu walijaa mpaka mlangoni. Hulda akabonyeza.

"Ayoo, dada yangu," Angeline alisema. "Najua umekaa hapo na huo mguu, unalia eti hukunizika. Wacha. Mimi sina hasira na wewe. Na kama Zachariah yuko hapo, mwambieni anyamaze kidogo. Leo ni zamu yangu."

Watu walicheka huku wakifuta machozi. Zachariah aliinama, akamwomba Hulda kwa sauti ya chini apunguze kidogo.

"Ongeza," Mama Ayoo akasema.

Hulda akaongeza.